Kuhifadhi kumbukumbu za jamii ndogo: mwongozo kamili wa kazi inayoanzia nyumbani

Mnamo Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale, wakiandamana na watetezi wa haki zao, walitembea hadi Nairobi kudai vitambulisho vya taifa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Kenya, na wazee wao walikuwa wametoka Msumbiji miongo mingi nyuma kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, lakini serikali haikuwahesabu kuwa raia. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ilikuwa tayari imetoa nafasi: mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, ambaye ameishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, aliruhusiwa kuomba uraia. Kwa mtu wa namna hiyo, karatasi ya mshahara ya mwaka 1958 au kadi ya ubatizo ya mwaka 1961 ilikuwa ushahidi wenye uzito wa kisheria, hata kama kwa miaka yote ilikuwa imelala chini ya godoro. Baada ya matembezi hayo Wamakonde walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Washona walitambuliwa mwaka 2021, na Wapemba wa pwani ya Kenya mwaka 2023.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mhifadhi kumbukumbu, awe mwajiriwa wa makavazi, mwalimu, katibu wa chama cha kijamii au kijana wa jamii yenyewe, anayetaka kutunza kumbukumbu za watu ambao ofisi za serikali ziliwaandika kidogo au ziliwaandika vibaya. Mifano mingi nimeitoa kwa Wamakonde wa Kenya, lakini hatua ni zilezile kwa Wanubi wa Kibera, kwa Waogiek wa msitu wa Mau, au kwa vizazi vya watumwa walioachwa huru na kupewa makazi Freretown, Mombasa, kuanzia mwaka 1875. Jambo moja linaongoza mpangilio wote. Katika jamii za namna hii anayetangulia kutoweka ni mtu anayejua karatasi inahusu nini, na karatasi hufuata baadaye. Kwa hiyo makubaliano na watu hutangulia sanduku, na maelezo hutangulia skana. Anayeanza na skana huishia kuwa na maelfu ya picha za watu wasiojulikana majina, na huko ni kuhamisha usahaulifu kutoka sandukuni kwenda kwenye kompyuta.

Jua unachokitafuta na mahali kilipo

Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, yana shehena kubwa ya ripoti za mwaka za wilaya, majalada ya kodi na barua za maofisa. Nyaraka hizo ni za lazima, lakini ziliandikwa na mtawala kwa mahitaji ya mtawala, na mfanyakazi wa shamba la mkonge hutokea humo anapotoroka, anapogoma au anapodaiwa kodi. Arusi yake, chama chake cha kuzikana na jina la mama yake havimo. Hata majalada yenyewe hayakubaki yote nchini: mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha katika kituo chake cha Hanslope Park takriban majalada 8,800 yaliyohamishwa kutoka makoloni 37, na mengi yamefunguliwa tangu mwaka 2012 katika hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, chini ya namba FCO 141. Kwa jamii zilizovuka mipaka, utafutaji huvuka mipaka pia: kwa Wamakonde, nusu ya historia inaweza kuwa Maputo, katika Arquivo Histórico de Moçambique, yaani makavazi ya historia ya Msumbiji, kwa Kireno.

Kabla ya kwenda huko kote, anza na nyumba. Tengeneza orodha ya aina za vitu unavyotarajia, kisha iongeze kila unapokutana na jambo jipya. Katika familia zilizofanya kazi mashambani, tafuta vipande vya zamani, yaani hati za utambulisho za wafanyakazi ambazo wanaume walilazimishwa kubeba katika kikopo cha chuma shingoni kuanzia miaka ya 1920; karatasi za mishahara na za kuachishwa kazi; risiti za kodi ya kichwa; kadi za ubatizo na vyeti vya madrasa; kadi za kliniki za watoto, ambazo mara nyingi ndizo karatasi pekee zinazoonyesha mahali na tarehe ya kuzaliwa; barua; picha za studio; kaseti za ngoma na arusi. Kwa Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, karatasi za kustaafu jeshini zina thamani ya pekee.

Nashauri daftari moja litafutwe kuliko yote, nalo ni la chama cha kuzikana. Watu waliokuwa mbali na kwao walichangiana sanda na safari ya mwisho, na katibu wa chama aliandika nani alikufa, lini, alitoka kijiji gani na nani alisimamia maziko. Kwa jamii isiyokuwa na rejista ya serikali, daftari hilo ndilo rejista yake.

Makubaliano kabla ya kugusa kitu

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mzee mmoja akikubali, jamii imekubali. Mwenyekiti wa wazee anaweza kukukaribisha kijijini, na ni adabu kuanza kwake, lakini hana mamlaka juu ya sanduku la bibi wa nyumba ya tatu. Kuna idhini ya jamii na kuna idhini ya mwenye kitu, na zote mbili zinahitajika. Wanawake waulizwe wenyewe, na ikiwezekana waulizwe na mwanamke, kwa sababu picha, kanga, kadi za watoto na nyimbo za ndani mara nyingi ziko mikononi mwao.

Andika makubaliano kwa lugha ambayo mwenye kitu anaisoma, au umsomee kwa sauti mbele ya ndugu yake na urekodi usomaji huo. Yaeleze kwamba kitu cha asili kinabaki mali ya familia; kwamba kitakaa wapi wakati wa kunakiliwa na kitarudi siku gani; nani ataruhusiwa kuona nakala, na kwa kazi gani; kwamba mwenye kitu anaweza kubadili nia, na namna ya kufanya hivyo; na fedha zikipatikana kutokana na nakala, zitagawanywaje. Ukurasa mmoja unatosha. Makubaliano marefu hutiwa sahihi bila kusomwa, na sahihi ya namna hiyo haina heshima ndani yake.

Upande wa sheria, Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni ya mwaka 2016 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zisome. Hata hivyo hatari kubwa zaidi katika kazi hii ni ile ambayo sheria haiitaji kwa jina. Mtu aliyenyimwa kitambulisho kwa miaka mingi huenda aliwahi kujiandikisha kwa kabila la jirani, au kutumia cheti cha mwenzake, ili mtoto apate shule. Karatasi hiyo ni historia ya kweli ya jinsi watu walivyoishi bila uraia, na papo hapo ni karatasi inayoweza kumletea taabu mtu aliye hai. Ukikutana nayo, ifunge: isinakiliwe bila idhini maalumu, isiingie katika orodha inayosomwa na watu wote, na muda wa kufungwa kwake uandikwe. Watunza nyaraka wa serikali wamezoea kusubiri miaka 30 kabla ya kufungua majalada. Kwa karatasi za namna hii muda mrefu zaidi ni wa haki.

Halafu kuna mambo yasiyopaswa kuonwa na kila mtu kwa sababu za utamaduni wenyewe. Mafunzo ya unyago na ya jandoni yana wenyewe. Wimbo wa unyago uliorekodiwa mwaka 1985 kwa ruhusa ya kungwi haukurekodiwa ili usikilizwe na wanaume mtandaoni. Uliza mapema ni vitu gani ni vya wanawake peke yao, vipi ni vya waliopita jandoni, na vipi havipaswi kuonyeshwa wakati wa msiba, kisha majibu yaandikwe katika orodha kama sharti la matumizi. Ikiwa kundi la wanawake litataka kaseti zao zinakiliwe na mwanamke na nakala zikae kwa mwanamke, fanyeni hivyo.

Orodha ya kwanza

Sanduku likifunguliwa, usitoe kitu. Lipige picha kama lilivyo, tabaka kwa tabaka. Mpangilio ambao mgeni anauona kuwa fujo unaweza kuwa na maana: barua zilizofungwa kwa uzi mmoja zilikuwa za mtu mmoja, na risiti iliyowekwa nyuma ya picha huenda inaeleza picha hiyo ilipigwa siku gani. Wahifadhi duniani kote wanashika kanuni mbili, kwamba vitu vya chanzo kimoja visichanganywe na vya chanzo kingine, na kwamba mpangilio wa mwenyewe uheshimiwe. Kwa nyumba za kawaida kanuni hizo zina maana hii: usiunganishe picha za familia tatu katika albamu moja ya “picha za zamani”.

Kila kitu kipewe namba moja isiyorudiwa. Namba iwe fupi na isomeke na asiyekuwepo, kwa mfano MKG-04-017, yaani kijiji, familia ya nne katika orodha, kitu cha kumi na saba. Andika namba hiyo nyuma ya kitu kwa penseli laini ya 2B, pembeni, bila kukandamiza, huku kitu kikiwa kimelala juu ya meza ngumu. Kalamu ya wino ni marufuku. Picha za kisasa zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli, kwa hiyo namba iandikwe kwenye bahasha yake. Katika daftari, mbele ya kila namba, andika ni kitu gani, hali yake, na nani alikitoa. Daftari la karatasi lisidharauliwe hata kama una kompyuta, kwa kuwa haliishiwi chaji.

Kutunza vitu vyenyewe

Pwani ni mahali pagumu kwa karatasi. Ukungu huanza kuota hewa inapokuwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 hivi kwa siku nyingi, na kuanzia Lamu hadi Mtwara unyevu huo ni wa kawaida. Nyumba ya kijijini haiwezi kuwekwa kiyoyozi saa zote, na kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku kina madhara kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu kila kinapozimwa unyevu hutonea juu ya vitu vilivyopoa. Tegemea hewa inayopita. Rafu ikae umbali wa kiganja kutoka ukutani, hasa ukuta wa nje. Vitu vikae sentimita 15 au zaidi juu ya sakafu. Chumba kisipakane na jiko wala bafu. Na miguu ya rafu isimame ndani ya makopo yenye mafuta ikiwa mchwa wapo.

Sanduku la bati, ambalo karibu kila nyumba inalo, huzuia panya na mchwa vizuri sana. Ubaya wake ni kwamba hupata joto mchana na kutoa jasho usiku. Suluhisho ni kulitandika ndani kwa kitambaa cha amerikani kilichofuliwa mara kadhaa hadi wanga wa kiwandani ukaisha, kuliweka mahali pasipopigwa na jua, na kulifungua kila mwezi siku ya kiangazi. Maboksi yasiyo na asidi ni bora, lakini ni ghali na huagizwa kutoka mbali. Ukiwa na fedha za maboksi machache, yatumie kwa picha na kwa hati za mkono, na magazeti yakae katika amerikani.

Ondoa vitu vinavyoharibu: pini na stepula zilizoshika kutu, mipira ya kufungia, vibanio vya chuma. Stepula isivutwe, pinda miguu yake kwa kisu butu kisha inyanyue. Seloteipu iache ilipo kama imeshika sana, kwani ikibanduliwa hutoka na maandishi. Hati zilizopigwa lamineti ndizo zinazosikitisha zaidi. Watu walifanya hivyo kwa nia njema, tena kwa karatasi walizozithamini kuliko zote, nayo plastiki iliyoyeyushwa juu ya karatasi haitoki bila kuiharibu. Kitu kilichokwisha kupigwa lamineti nakili mapema na ukiache hivyo. Kisichopigwa, mwombe mwenyewe asikipeleke. Albamu zenye kurasa za gundi na karatasi ya nailoni juu huteketeza rangi za picha. Zile picha zinazotoka kwa urahisi zitolewe, na zisizotoka zinakiliwe zikiwa ndani ya ukurasa.

Wadudu wanauawa kwa baridi. Funga karatasi au kitabu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, utoe hewa, uweke katika friza ya nyumbani yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha ukitoe na kukiacha ndani ya mfuko kwa siku nzima kabla ya kufungua, ili maji yasitonee juu yake. Njia hii isitumike kwa kaseti, kwa kanda za video wala kwa picha za kioo. Dawa ya kupuliza ya mende isikaribie karatasi. Majani ya mwarobaini yana sifa nzuri na hayana ubaya yakiwekwa nje ya sanduku; ndani huacha madoa.

Ukungu ukionekana, kiweke kitu hicho mara moja mbali na vingine, kikaushe kivulini penye upepo, na ukungu ukishakuwa mkavu kama vumbi uupanguse nje ya nyumba kwa brashi laini, ukiwa umevaa barakoa na glavu, upepo ukiwa mgongoni mwako. Usifute kwa kitambaa chenye maji. Mwenye pumu asiifanye kazi hii.

Kunakili

Kwa hati za kawaida, skani kwa doti 400 kwa inchi. Kwa picha, doti 600. Kwa picha ndogo za pasipoti na kwa negativu, zaidi ya hapo. Nakala kuu iwe katika muundo wa TIFF, yaani faili ya picha isiyobanwa, kwa rangi hata kama hati ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu rangi ya wino na ya madoa hueleza mengi. Ukurasa mmoja wa A4 kwa doti 400 una takriban megabaiti 46, kwa hiyo kurasa 1,000 zinahitaji gigabaiti 46. Piga hesabu hii kabla ya kununua diski. Kutoka kwenye nakala kuu tengeneza nakala ndogo ya JPEG kwa ajili ya kuangalia na kutuma. Nakala kuu isiguswe tena: isikatwe pembe, isisafishwe, isiongezwe mwanga.

Skani pande zote mbili. Nyuma ya picha kuna mhuri wa studio, tarehe, na pengine salamu kwa mtu aliyetumiwa. Hati iliyoshonwa au dhaifu isilazwe kwa nguvu juu ya kioo cha skana. Ipigwe picha kutoka juu. Simu nzuri inatosha kwa kazi hiyo ikiwa imefungwa kwenye kishikizo, sambamba kabisa na meza, karibu na dirisha lisilopitisha jua la moja kwa moja, pamoja na rula pembeni ili vipimo vijulikane. Zima vichujio vyote vya kamera vya kurembesha picha. Picha zihamishwe kwa waya na zisitumwe kwa WhatsApp, kwani zikitumwa huko kama picha za kawaida hupunguzwa ukubwa na kupoteza tarehe zake.

Vitabu na hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zinahitaji msomaji kabla ya skana, ili kurasa zihesabiwe kutoka kulia na zisigeuzwe mpangilio. Hati za msikiti wa Riyadha wa Lamu zilinakiliwa kwa ufadhili wa mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, na zenyewe zikabaki Lamu. Huo ndio mfano ninaoupendekeza: taasisi ya nje ichangie mashine na fedha, na mali isitoke.

Kaseti ziende mbele ya foleni. Karatasi iliyokaa miaka 60 inaweza kukaa mingine 60 ikitunzwa, lakini utepe wa sumaku unapoteza nguvu, na mashine nzima za kuuchezesha zinazidi kuadimika. Kabla ya kucheza, vunja vijino viwili vya nyuma ya kaseti ili isirekodiwe juu yake. Iangalie: yenye ukungu mweupe isichezwe hata kidogo, maana itachafua mashine na kaseti zitakazofuata. Izungushe hadi mwisho na kuirudisha mara moja ili utepe ulegee. Safisha vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti kila baada ya kaseti chache. Kaseti za dakika 120 zina utepe mwembamba unaokatika, basi zisirudishwe nyuma na mbele kutafuta wimbo. Zicheze mara moja tu, huku zikirekodiwa. Nakili kwa faili ya sauti ya WAV, biti 24, kwa kilohezi 96. Saa moja ya stereo itachukua takriban gigabaiti 2. Usikate kimya, vikohozi wala sauti ya jenereta. Mtangazaji wa redio anayesikika mwishoni akisoma habari ndiye atakayekupa tarehe.

Mazungumzo juu ya picha

Hapa ndipo muda mwingi utumike. Chapisha picha kwa ukubwa wa kutosha macho ya mzee, nenda nazo kwake, ukae. Swali la kwanza lisiwe “huyu ni nani?”, kwa sababu swali hilo humfanya mtu aone anapimwa. Mwombe akueleze siku ile. Majina yatakuja, pamoja na nani alishona nguo, kwa nini kijana wa pembeni amenuna, na mti ule ulikatwa lini. Ni vyema wawepo wazee wawili au watatu, maana wanasahihishana na kutaniana, na katika utani wa watani hutoka habari ambazo hojaji haizipati.

Rekodi kwa biti 24, kilohezi 48, kwa maikrofoni ya kubana kifuani, mbali na feni. Mwanzoni sema kwa sauti tarehe, mahali, majina ya waliopo na lugha itakayotumika, na idhini isikike ndani ya rekodi. Kila picha itajwe kwa namba yake inaposhikwa, la sivyo baada ya mwaka hakuna atakayejua “huyu hapa” ni nani. Mzee akihamia Kimakonde katikati ya sentensi, mwache. Tafsiri itafanywa baadaye na kijana anayejua lugha zote mbili.

Tarehe za wazee hufungwa kwenye matukio. Jitayarishie jedwali la matukio yanayojulikana: vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza Septemba 1964, uhuru wa Kenya wa Desemba 1963, uhuru wa Msumbiji wa Juni 1975, pamoja na matukio ya kijijini kama kufungwa kwa kiwanda au mafuriko. Mtu asiyekumbuka mwaka anakumbuka kama alikuwa na mtoto mgongoni siku bendera ilipopandishwa. Wazee wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili na nani alisema ipi. Mhifadhi hakuteuliwa kuwa hakimu.

Maelezo

Kipimo cha Dublin Core, ambacho wahifadhi hukitumia kuelezea vitu katika orodha, kina vipengele 15, na si vyote vinahitajika. Kwa mkusanyiko wa kijiji nashauri hivi: namba, jina la kitu, aliyekitengeneza, tarehe au kipindi, mahali, watu wanaoonekana au wanaotajwa, lugha, maelezo ya mwenyewe, aliyetoa maelezo, na masharti ya matumizi. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha. Safu ya aliyetoa maelezo isiachwe wazi kamwe, kwani habari isiyo na mwenyewe haiwezi kurudiwa wala kupingwa.

Maneno ya orodha yawe ya jamii. Kinyago cha mapiko kiitwe hivyo, kisiandikwe “sanamu la mbao”. Majina ya dharau au ya kigeni yaliyomo katika nyaraka za kikoloni yabaki katika safu ya kichwa cha asili, kwa kuwa mtafiti atayahitaji ili kupata majalada. Wamakonde wa Msumbiji, kwa mfano, huonekana humo wakiitwa Wamawia. Katika safu ya jamii liandikwe jina ambalo watu wenyewe wanajiita. Tarehe ya kukisia ioneshwe kuwa ni ya kukisia, na sababu ya kukisia iandikwe: “kati ya 1966 na 1970, kwa mhuri wa studio”.

Nakala na mahali pa kuziweka

Kuwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na mojawapo ikae mji mwingine. Nakala ya Kwale isiwe na mwenzake Kwale tu. Mvua moja kubwa huchukua zote. Flashi ni chombo cha kubebea, si cha kuhifadhia. Diski za nje zibadilishwe kila baada ya miaka mitano hivi, hata kama bado zinafanya kazi. Majina ya faili yasiwe na nafasi wala alama za ajabu, na yaanze na namba ya kitu: MKG-04-017_nyuma.tif.

Kila faili kuu itengenezewe alama ya uthibitisho ya SHA-256 kwa programu ya bure, na orodha ya alama hizo ihifadhiwe pamoja na faili. Mara mbili kwa mwaka programu izihesabu upya. Alama ikibadilika, faili imeharibika, na nakala nzima ichukuliwe kutoka diski nyingine mapema. Bila hatua hii, diski mbovu hunakiliwa juu ya nzima bila mtu kujua.

Kurudisha na kufungua

Vitu virudi siku iliyoandikwa, vikiwa safi, ndani ya bahasha zao, na kila familia ipewe nakala ya karatasi ya picha zake pamoja na orodha. Faili za kompyuta pekee si marejesho kwa nyumba isiyo na kompyuta. Rekodi za muziki ambazo Hugh Tracey alizichukua Afrika Mashariki miaka ya 1950 zilikaa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, kwa zaidi ya nusu karne kabla ya jitihada za kuzirudisha kwa familia za wanamuziki kuanza. Usisubiri kurudisha kuwe mradi wa kizazi kingine.

Kwa upande wa mtandao, programu ya Mukurtu, iliyotokana na kazi ya watu wa Warumungu wa Australia, ni ya bure na huruhusu kila kitu kiwekewe masharti yake: cha wote, cha jamii, cha wanawake, cha ukoo. Ikiwa hakuna mtu wa kuisimamia kila wiki, ni bora kubaki na kompyuta moja ya maktaba ya shule isiyounganishwa na intaneti, yenye vitu vya wote pekee. Nakala za vitu vya wote zinaweza pia kukabidhiwa Makavazi ya Kitaifa au maktaba ya chuo kikuu, kwa hati inayosema kwamba jamii ndiyo inayoamua matumizi na kwamba hati ya asili iko wapi. Jambo hilo lina faida ya moja kwa moja. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwaondoa msituni, na katika kesi kama hizo rekodi yenye namba, tarehe na jina la msemaji huwa rahisi kuletwa mbele ya majaji kuliko habari inayosimuliwa kwa jumla.

Mwisho, wateuliwe watunzaji watatu wa kijijini, angalau mmoja wao mwanamke na mmoja kijana, wenye kujua namna ya kukagua diski, kupokea kitu kipya na kukataa ombi lisilo na kibali. Nywila na ramani ya mahali nakala zilipo ziandikwe kwenye karatasi, zifungwe katika bahasha tatu, kila mtunzaji akae na yake. Mmoja akihama au akifariki, mwingine achaguliwe kabla ya mwezi kwisha, nywila zibadilishwe, na jina lake liandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari pamoja na tarehe aliyokabidhiwa.